Hodi ya Tatu kwa Bi Mwanakombo

Hapo zamani, na msiende mbali kuitafuta zamani hiyo. Ilikuwa Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, gari lenye spika mbili juu ya paa lilipoingia barabara ya kumi na tatu, Ngamiani, mjini Tanga, likatangaza jambo ambalo hakuna aliyeliomba.

"Wateja wetu wapendwa! Nyaya za simu za zamani zinaondolewa! Kila nyumba inahamia mkongo mpya wa intaneti! Si hiari, ni lazima! Tayarisheni nyumba zenu. Sogezeni makabati, safisheni kuta. Mafundi watapita Jumanne ijayo. Waya ukikatwa, namba ya zamani imekwisha!"

Likapita. Vumbi likatua. Na katika nyumba moja, ile ya mlango wa buluu, mwanamke mzee aliinuka kitini, akaenda akaweka kiganja juu ya simu yake, kama mtu anayemziba mtoto sikio asisikie neno baya.

Sikilizeni kwa makini tangu hapa. Mwisho nitawauliza swali, na jibu mimi sina.

Mwanamke huyo ni Bi Mwanakombo. Simu yake ilikuwa ya waya, nyeusi, nzito, imekaa juu ya kijimeza sebuleni, chini ya dirisha. Ubavuni mwake ilining'inia penseli, imefungwa kwa uzi wa katani. Simu hiyo haikuwa ikiita. Watu wote wana simu za mkononi, nani apige simu ya waya? Lakini Bi Mwanakombo aliilipia, akaifuta vumbi, akaichongea penseli yake, mwaka baada ya mwaka. Kwa sababu mwanawe Mwinjuma aliijua namba hiyo tu, hakujua nyingine.

Mwinjuma alikwenda Sauzi, Afrika Kusini, kutafuta maisha, akaacha mke na binti anayenyonya. Alikuwa na desturi yake tangu utotoni. Akishika simu hasemi "halo". Anasema "Hodi." Siku simu ilipofungwa pale nyumbani, akiwa mtoto wa kaptula, alidhani simu ni mlango, na mlango hauingiwi bila hodi. Mtaa mzima ukamcheka. Hakuacha. Na mama yake humjibu jibu lile lile: "Karibu, mlango hauna komeo."

Na hodi mnaijua nyinyi. Hodi hupigwa mara tatu. Ya kwanza usipojibiwa, unangoja. Ya pili usipojibiwa, unangoja. Ya tatu usipojibiwa, unageuka unarudi ulikotoka, wala huna haki ya kununa.

Hodi ya kwanza, Mwinjuma aliipiga baada ya arobaini ya mkewe. Mke alikufa kwa homa, akatafutwa mume, hakuonekana, akazikwa. Ndipo simu ikaita. "Hodi." Bi Mwanakombo akasema, "Umechelewa," akakata. Alikata kwa hasira, kama mama yeyote anavyoweza kumkatia mwanawe, akijua atapiga tena kesho. Kesho hakupiga.

Hodi ya pili ilipigwa siku nyumba nzima imekwenda mazikoni Pongwe. Jirani aliisikia. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza. Mlangoni palikuwa na kufuli.

Tangu siku hiyo nyumba ya mlango wa buluu haikufungwa kufuli. Harusi ikija, mmoja anabaki. Msiba ukija, mmoja anabaki. Hodi ya tatu ilikuwa inangojwa.

Waliokuwa wakiingoja ni watatu. Wa kwanza ni Bi Mwanakombo mwenyewe. Wa pili ni Salha, yule binti aliyeachwa ananyonya. Sasa alikuwa msichana aliyemaliza chuo kikuu, mhariri wa vitabu, kazi anaipokea na kuirudisha kwa intaneti. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, hurudi kuusukuma. Akisoma sentensi, huisoma tena kinyumenyume kutafuta kosa. Sauti ya baba yake hakuikumbuka, na hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko kuisikia. Wa tatu ni shangazi yake, Mwajabu, dada wa Mwinjuma, mwanamke wa ulimi mkali na roho laini. Mwaka uliotangulia tapeli alimpigia simu: "Dada, ni mimi, nimebadilisha namba." Mwajabu akalizwa akiba ya kikoba chote cha akina mama. Tangu hapo, simu ikitaja neno "namba", Mwajabu hupandwa na mashetani.

Gari lilipokwisha kupita, Salha alikwenda ofisi ya kampuni. Akauliza, namba ya zamani haiwezi kuhamia kwenye mkongo? Akaambiwa, za barabara hiyo haziwezi. Akauliza, hata kwa muda? Akaambiwa, dada, namba hizo zinakufa na waya wake. Akauliza, mtu wa nje akipiga baada ya hapo atasikia nini? Akaambiwa, hatasikia kitu.

Akarudi nyumbani, akaanza kutayarisha.

Alipima ukuta kwa futi, akaupima tena. Akasogeza kabati la vyombo. Akaondoa kalenda na picha ya Maka, akapangusa ukuta kwa maji ya sabuni. Akakagua tundu la umeme lililo karibu, kwa maana kisanduku kipya hula umeme. Akapunguza tawi la mwarobaini lililoegemea waya nje. Shangazi Mwajabu akawa anamtazama, mikono kiunoni.

"Wewe Salha, anakuja fundi au anakuja mposaji?"

"Shangazi, wakikuta nyumba haiko tayari wanakata na kuondoka, wanasema watarudi. Hawarudi."

"Basi pika na pilau kabisa."

Alipofika kwenye simu, Salha alikuta uzi wa katani umechakaa na umejisokota kwenye waya. Akaogopa fundi asije akanaswa nao, akavuta simu ikaanguka. Akachukua mkasi, akaukata uzi. Penseli akaipeleka chumbani kwake, akaisimamisha kwenye kikombe cha kalamu, ili isipotee.

Ili isipotee. Neno hilo liwekeni kando, tutalihitaji.

Jumanne ya pili ikafika, na fundi akafika nayo. Jina lake Mhando, mtu wa Muheza, mpole, mwenye ngazi ndefu begani na koleo mfukoni. Akapiga hodi, akakaribishwa, akavua viatu.

"Nyumba imetayarishwa hii," akasema. "Kwingine nakuta kuku juu ya kabati."

Salha akamvuta pembeni. "Kaka Mhando, nakuomba jambo. Tufungie mkongo, lakini waya wa zamani usiukate sasa."

"Kwa nini, dada?"

Salha akamwambia. Akamwambia habari ya Mwinjuma na hodi mbili zilizopotea. Mhando akakuna kichwa.

"Mimi nimeambiwa nikifika nyumba nafunga mpya, nakata ya zamani, napita. Lakini sawa. Nitakata za barabara nzima, yenu iwe ya mwisho. Jua likielekea alasiri itabidi. Zaidi ya hapo siwezi."

"Na ukirudi, usikate kwa saa. Kata kwa neno. Panda ngazi, ngoja pale dirishani. Sisi humu ndani tutaaga. Tukiwa tayari utasikia neno 'kata'."

"Kutoka kwako?"

Salha akafikiri, maana hufikiri kila kitu. Akaona sauti ya bibi yake ni ndogo, pengine haitatoka dirishani. Akaona yeye mwenyewe pengine atakuwa analia. "Kutoka kwa yeyote wa nyumba hii," akasema. "Bila neno, usikate."

"Bila neno sikati," akasema Mhando. Wakapeana mikono.

Kisanduku cheupe kikafungwa ukutani. Bi Mwanakombo akakikagua, macho kayakunja.

"Mwanangu fundi, umeme ukikatika, hiki nacho?"

"Kinazima, bibi."

"Na simu yangu hii?"

"Hiyo inaita hata gizani."

"Basi mmeniletea kitu kinachoogopa giza."

Mhando akacheka, akachukua ngazi akaenda nyumba ya pili. Akakata. Akaenda ya tatu. Akakata. Mchana kutwa, kwenye barabara ya kumi na tatu, ilisikika koleo ikisema ka, kisha ngazi ikiburutwa, kisha koleo ikisema ka. Bi Mwanakombo akakaa kando ya simu, kila ka moja ikimshtua mabega.

Alasiri Mhando akarudi, akaegemeza ngazi chini ya dirisha, akapanda, akaushika waya, akangoja neno. Nyaya nyingine zote za barabara zilikuwa zimelala mchangani. Ulibaki huo mmoja hewani.

Salha alikuwa chumbani anatazama kama taa ya mkongo imewaka kijani. Mwajabu alikuwa uani anakaanga samaki. Bi Mwanakombo alikuwa sebuleni, peke yake, anaaga simu.

Simu ikaita.

Iliita mara moja tu. Ya pili haikupata nafasi.

"Hodi."

"Karibu," akasema Bi Mwanakombo. "Karibu, mwanangu, mlango hauna komeo."

"Mama. Ni mimi."

"Nani mwingine kama si wewe?"

"Mtoto hajambo?"

"Mtoto! Mtoto amekupita urefu."

Kule mwisho wa waya mtu akacheka, au akalia, Bi Mwanakombo mwenyewe hakuweza kupambanua. Kisha sauti ikasema, "Mama, simu hii ni ya kuazima, wenyewe wananisubiri. Nimekaa miaka naogopa kupiga. Nikisema namba yangu utaandika?"

"Naandika, mwanangu, naandika."

Mkono ukaenda ubavuni mwa simu, mahali penseli iliponing'inia miaka yote. Hakukuwa na uzi wala penseli. Mkono ukapapasa ukuta. Ukuta ulikuwa msafi.

"Jumlisha, mbili, saba," ikasema sauti.

"Jumlisha mbili saba. Ngoja, mwanangu, ngoja kwanza. Namba naisikia, penseli siioni. Nani kachukua penseli yangu? Namba inapotea! Salha!"

Uani, mafuta yakichemka, Mwajabu akasikia "mwanangu", akasikia "namba", akasikia "ngoja". Zaidi ya hayo hakusikia. Damu ikampanda.

"Mama! Unamsomea nani namba? Ndio hao hao! Kata! Kata, mama, kata!"

Juu ya ngazi, Mhando, aliyedhani mlio ule ni wa kuijaribu simu mara ya mwisho, akasikia neno.

Alisikia, lakini akasita. Koleo ilikwisha kuuma waya, ila vidole havikukaza. Haikuwa sauti ya msichana aliyepeana naye mkono. Lakini msichana mwenyewe alisema yeyote. Akasita.

Hapo Salha akatoka chumbani mbio, penseli mkononi. Akamwona bibi yake na mkono wa simu sikioni. Akasikia shangazi yake akipiga kelele "kata". Akakiona kivuli cha ngazi dirishani. Akaelewa yote kwa pamoja, akapaza sauti yake yote:

"Usikate!"

Na wakati huo huo gari lenye spika likaingia barabarani kufunga kazi. "WATEJA WETU WAPENDWA!" likasema, likaufunika mwanzo wa neno lake. Kichwa cha neno kikazama. Mkia ukatoka dirishani, ukamfikia Mhando.

"...kate!"

Sasa ilikuwa sauti yenyewe, ya msichana mwenyewe. Mhando akakaza vidole.

Ka.

Bi Mwanakombo hakujua mara moja. Aliendelea kusema, "Halo? Mwinjuma? Penseli hii hapa, imekuja. Sema. Karibu. Karibu, mwanangu." Alisema "karibu" mara nyingi mno, mpaka Mwajabu akaja akasimama mlangoni, upawa mkononi, mafuta yakidondoka sakafuni, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani?"

"Alipiga hodi," akasema Bi Mwanakombo.

Mwajabu akakaa chini pale pale alipokuwa.

Salha akamwita Mhando, akamweleza kwa maneno yasiyofika mwisho. Mhando akauchuna waya kwa meno, akausokota na mwenzake, akashuka, akaweka simu sikioni. Kimya. Si kimya cha laini iliyo wazi. Kimya cha jiwe. Akapiga simu kwa wenzake wa mtamboni, kunakounganishwa laini. Wakamjibu kwamba mtambo wa zamani ulikuwa unangoja laini ya mwisho ya barabara hiyo ikatike, na ilipokatika, umejizima wote na namba zimefutika. Salha akauliza, je, hawawezi kujua ilipigwa kutoka namba gani? Wakasema simu ya nje kwenye mtambo ule haikuwa ikiacha alama. Akauliza tena kwa njia nyingine. Wakasema yale yale.

Walichokuwa nacho ni jumlisha, mbili, saba. Hiyo ni namba ya nchi nzima. Ya mtu mmoja haikufika.

Wakakaa sebuleni wote wanne. Samaki wakaungua uani, hakuna aliyekwenda kuwaepua. Kisanduku kipya kiliwaka taa zake za kijani, nne, hakuna hata moja iliyokosekana.

Bi Mwanakombo akasema, "Hodi ya tatu imepigwa, na mwenye kupiga hakuingia. Anadhani tumemkatia tena. Sasa hivi anageuka anarudi alikotoka, wala hana kosa." Akaweka kiganja juu ya simu. Kisha akasema, "Waya haurudi. Namba hairudi. Iliyobaki ni miguu. Mtu ataondoka hapa aende Sauzi, amtafute mtaa kwa mtaa, amwambie hatukukata. Mimi siamui nani. Aliyekata ndiye ataunga. Aseme mwenyewe."

Mhando alikuwa wa kwanza, maana macho yote yalikuwa kwake.

"Mimi nimekata waya," akasema. "Sikukata maneno. Waya ni kazi yangu, na waya huu ungekatika asubuhi kama wenzake. Kama si mimi kukubali kungoja, simu isingeita kabisa, na msingejua kama yu hai. Niliambiwa nisikate bila neno. Sikukata bila neno. Lilikuja la kwanza, nikalikataa, Mungu ni shahidi yangu, nikasita. Lilikuja la pili kwa sauti ya dada huyu. Mlitaka nisubiri la ngapi?"

Mwajabu akasema, "Mimi nimesema neno. Sikushika koleo. Nilimwambia mama yangu akate simu, sikumwambia mtu akate waya. Nani katika mji huu hasemi 'kata simu'? Mimi najua habari ya kupatana kwa neno? Nani aliniambia?" Akamgeukia Salha. "Uliniambia? Ulipatana na fundi, ukapima ukuta, ukapunguza na mti, ukasahau kuniambia mimi shangazi yako kwamba neno 'kata' leo lina makali! Na kwanza nani kasema ni yeye? Matapeli wa siku hizi wanajua mpaka jina la marehemu."

"Tapeli gani anapiga hodi, shangazi?"

Mwajabu akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akasema humo ndani, "Nilikuwa namkinga mama. Mara ile hakuna aliyenikinga mimi."

Salha akasimama. Alikuwa bado ameshika penseli.

"Mimi sikukata waya," akasema. "Mimi nilisema 'usikate'. Nilisema neno zima. Silabi nne, sikuacha hata moja. Zimefika mbili. Kati ya 'usikate' na 'ukate' pana kipande kidogo tu, na mimi kazi yangu ni vipande hivyo, nawatolea watu makosa hayo vitabuni kila siku." Akaigeuza penseli mkononi. "Lakini ni mimi niliyechagua neno. Ningeweza kuchagua neno lolote. Ningesema 'kwaheri'. Ningesema 'embe'. Nikachagua neno ambalo ukilikataza bado linasikika."

"Na uzi?" akauliza Bi Mwanakombo, polepole.

"Uzi niliukata mimi, bibi. Kwa mkasi. Penseli ingekuwepo, ungeandika. Ungeandika, usingeita. Usingeita, shangazi asingesikia."

"Ulitaka spidi ya intaneti," akasema Mwajabu chini ya kanga, lakini bila nguvu, kama mtu anayetupa jiwe lisilofika.

"Sikutaka spidi, shangazi. Nilitaka kila kitu kiwe tayari."

Mhando akasema, "Dada, kama si wewe kuniomba..."

"Najua. Kama si mimi, isingeita. Kwa sababu yangu, imeita ikakatwa. Kipi afadhali, kaka Mhando? Asijibiwe na mtu, au ajibiwe karibu kisha mlango umbamize usoni?"

Mhando akachukua viatu vyake mlangoni, hakuvivaa, akatoka navyo mkononi.

Wote wakamtazama Bi Mwanakombo. Naye akasema, "Mmesema. Mmoja amekata waya, hakukata neno. Mmoja amesema neno, hakukata waya. Mmoja amekataza, na katazo lake ndilo lililokata. Mimi je, mbona hamniulizi? Nani alikata mara ya kwanza? Ile ya kwanza hakukuwa na koleo. Hakukuwa na gari la spika. Nilisikia hodi safi kabisa, nikajua ni nani, nikasema umechelewa, nikakata. Kama nisingekata ile, hii isingekuwa ya tatu."

"Bibi, huwezi hata kufika stendi," akasema Salha.

"Sikusema naweza. Nimesema nilikata."

Usiku huo nyumba ya mlango wa buluu ililala bila chakula. Salha hakulala. Alilirudia lile neno kitandani, akianza na mkia, kwenda kichwani. Te, ka, si, u. Te, ka. Mara zote liliishia pale pale.

Asubuhi yake, mwadhini alipokwisha kuadhini, Salha alitoka chumbani. Mlango wa shangazi yake ulikuwa umefungwa, na nyuma yake mtu alikuwa anapenga kamasi. Mbali, barabara ya kumi na nne, ngazi ilikuwa inaburutwa tayari, kisha ka, kisha ngazi tena. Mhando alikuwa kazini. Hakuwa mtu mbaya. Mkate wake uko juu ya ngazi.

Bi Mwanakombo alikuwa amekaa sebuleni, amevaa buibui, viatu miguuni, begi dogo mapajani, uso umeelekea mlangoni. Kijimeza chini ya dirisha kilikuwa kitupu.

"Bibi, simu iko wapi?"

Bi Mwanakombo akaligusa begi. Salha akapiga magoti, akafungua zipu. Ndani mlikuwa na kanga moja, na ndani ya kanga simu nyeusi, waya wake umezungushwa vizuri kiunoni mwake, kama mtoto aliyefungwa mbeleko.

"Naenda nayo," akasema Bi Mwanakombo. "Nikimwona nitamwekea mbele yake. Aipigie hodi hapo hapo, nimjibu."

"Haisikii tena, bibi. Imekufa."

"Nitasikia mimi."

Salha akaenda chumbani. Akarudi na penseli na uzi mpya wa katani. Akakaa sakafuni miguuni pa bibi yake, akaifunga penseli ubavuni mwa simu, mahali pake pale pale. Akaivuta kujaribu fundo. Likashika. Akalivuta tena.

"Limekaza?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Limekaza."

"Basi funga begi."

Salha akafunga begi. Akalitia begani mwake mwenyewe. Bibi yake akalishika mkanda, hakuuachia, naye Salha hakuuachia. Wakabaki hivyo, mmoja amekaa na mmoja amesimama, begi moja kati yao, mlango wa buluu uko wazi, hauna komeo, na hakuna anayepiga hodi.

Haya, nyinyi mliokaa mkasikiliza mpaka hapa. Yuko aliyekata waya. Yuko aliyepiga kelele ya kukata. Yuko aliyesema usikate, kukakatwa. Yuko aliyekata zamani, kabla ya wote. Na neno la mwenye nyumba mmelisikia: aliyekata ndiye ataunga.

Je, nani aliyekata? Nani apewe begi?